Pizza ya Jumamosi Ile Kule Momela

Ijumaa iliyopita tulikuwa tunampongeza mwenzetu wa kazini aliyepandishwa cheo. Tulikaa sita kwenye mgahawa mdogo hapa mjini Arusha, nje mvua inapiga mabati, ndani kuna ile harufu ya unga unaoungua kidogo pembeni, harufu ambayo mimi, rafiki yangu, naweza kuifuata nimefumba macho kutoka Lemara hadi mjini. Wanaonijua wanajua. Mtu akifaulu, akivishwa pete, akipona, akipata kiwanja, jibu langu huwa moja tu: twendeni tukale pizza.

Mhudumu akatuambia wana pizza mpya, wanainyunyizia asali juu. Wenzangu wakaangua kicheko. "Asali na nyanya wapi na wapi?" mmoja akauliza. Mimi sikucheka. Nikanywa maji, nikawaambia agizeni tu. Waliponiuliza kulikoni nikasema hakuna kitu, maana ile ni habari ndefu, na pizza ilikuwa inakuja ya moto. Wewe nitakusimulia.

Nilikulia chini ya Mlima Meru, upande wa Momela, pale ambapo migomba ya mwisho inapakana na msitu wa hifadhi. Vumbi la kwetu ni jeusi. Jioni ukinawa miguu, maji kwenye beseni yanakuwa kama kahawa. Asubuhi kabla ya shule nilifagia uwanja, nikamkatia ng'ombe majani, nikachota maji kwenye mfereji, halafu ndipo bibi aliponinywesha uji. Bibi alikuwa mama wa loshoro. Mahindi yalichemka tangu alfajiri, akayaponda, akayachanganya na maziwa mgando, na ukipita njia ya nyumbani kwetu mchana unasikia mwiko unavyogonga sufuria. Kwa bibi, chakula kilichopikwa kwa chini ya saa tatu kilikuwa hakijapikwa.

Mama ndiye aliyeniharibu. Alikuwa mpishi msaidizi katika hoteli moja ya watalii iliyokuwa ng'ambo ya msitu, na akirudi nguo zake zilinukia siagi na kitunguu saumu. Mara moja moja alileta vipande vya pizza vilivyobaki, vimefungwa kwenye karatasi, vya baridi na vigumu kama soli. Nilivipasha juu ya mkaa mpaka kile cha juu kikaanza kutoa vitone vya mafuta, kisha nikala taratibu, nyuma ya nyumba, nimefumba macho. Kile cha juu mama alikiita chizi. Bibi alishangaa sana siku ya kwanza. Kwetu chizi alikuwa mtu mwenye wazimu. "Mnakula chizi?" akauliza. Kisha akaitazama ile pizza, akaigeuza, akairudisha kwenye sahani. "Hii ni chapati iliyomwagikiwa mchuzi," akasema, na hakuigusa tena.

Shuleni nilijigamba. Hakuna mwingine darasani aliyewahi kuonja, kwa hiyo niliielezea jinsi nilivyotaka. Nilisema chizi linavutika kutoka mdomoni mpaka mkono unyooke wote. Waliosikiliza zaidi walikuwa marafiki zangu watatu: mapacha wa jirani yetu, wavulana wawili waliokuwa wakigombana tangu asubuhi hadi jioni, na binti wa mfuga nyuki. Huyu binti ndiye aliyekuwa wangu hasa. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akabaki na baba yake, mzee mpole aliyetundika mizinga kwenye miti ya ukingoni mwa msitu. Binti alipanda mti kama wewe unavyopanda ngazi, na kwa mbio shule nzima hakuna aliyemfikia.

Tulipokaribia mtihani wa darasa la saba mama alituahidi. Mkimaliza, Jumamosi yake nawapikia pizza nzima, ya moto, ya kwenu wenyewe. Tulijua baada ya hapo tutatawanyika, kila mmoja na shule yake au na kazi ya kwao. Kwa hiyo ile pizza tuliisubiri kuliko matokeo.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo likatokea jambo. Nyati dume, mzee, aliyeumia mguu, alitoka msituni akamkimbiza mama mmoja aliyekuwa anaokota kuni. Yule mama aliponea kwenye mfereji. Jumapili, baada ya ibada, mzee wa kanisa alisimama akatangaza kwamba njia ya mkato inayopita msituni kwenda hotelini isipitwe na mtu yeyote, mkubwa wala mdogo, mpaka askari wa hifadhi wamwondoe mnyama huyo. Tangu siku hiyo mama alikwenda kazini kwa barabara kubwa, akizunguka karibu saa nzima zaidi.

Jumamosi ikafika. Mama alikuwa na mapumziko. Asubuhi alikanda unga na hamira, akaufunika kwa kitambaa kibichi, akakaanga nyanya na vitunguu mpaka uwanja wote ukanukia. Oveni hatukuwa nayo. Alitaka kuioka kama alivyooka keki za Krismasi, sufuria kubwa, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Nilikuwa nimeshaosha sahani mara mbili. Saa tano hivi akafungua mkoba wake, akaupekua, akasimama.

"Chizi nimelisahau," akasema. "Mpishi mkuu alinipa kipande jana, nikakiacha kwenye friji ya hotelini."

Nikamwambia nitakwenda kukichukua. Akanikata jicho. "Kwa njia ipi? Kwa barabara utarudi saa ngapi? Na ile nyingine ulisikia kanisani. Leo tutaila hivyo hivyo, na itakuwa tamu."

Mimi nilijua haitakuwa tamu. Nilijua mapacha wataitazama na kusema mbona ni chapati na mchuzi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na ile aibu niliiona kubwa kuliko nyati. Nikatoka nikazunguka nyuma ya zizi la ng'ombe, na ndipo nikamkuta rafiki yangu, yule binti wa mfuga nyuki, anakuja, amevaa gauni lake la kanisani, amejipaka mafuta mpaka magoti yanang'aa.

Nilimweleza. Sikumwambia nenda, lakini nilimwambia maneno mengine yote. Kwamba ukikimbia ni nusu saa tu kwenda. Kwamba nyati mchana anakuwa amelala. Kwamba mpishi mkuu ananijua, amwambie tu ametumwa na mama. Alinisikiliza, akautazama msitu, akanitazama mimi.

"Baba akijua ataniua," akasema.

"Atajuaje?"

Akakaza khanga aliyojifunga kiunoni, akavua viatu, akanipa nivishike. "Unga ukiumuka nitakuwa nimerudi," akasema, akaondoka mbio kwenye migomba. Viatu nikavificha chini ya pipa la maji.

Mapacha walikuja saa saba. Mama akauliza mwenzenu yuko wapi. Nikasema anamsaidia baba yake kidogo, anakuja. Uongo ulitoka mdomoni kirahisi hata mimi nilishangaa. Unga ulikuwa umeumuka, umeinua kitambaa. Mama akaupiga ngumi ukashuka. "Tumsubiri," akasema.

Saa nane unga ukaumuka tena. Mama akaupiga tena. Mapacha walikuwa wamechoka kugombana, wamekaa kimya ukutani, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mimi nilikuwa nakwenda nyuma ya nyumba kila baada ya muda kuangalia migomba. Majani yakitikisika kidogo tu moyo wangu unaruka, halafu naona ni kuku. Mbwa wa jirani wakaanza kubweka kuelekea msituni, wote kwa pamoja, wakabweka muda mrefu, kisha wakanyamaza kwa ghafla. Kule kunyamaza ndiko kuliniogopesha. Nikasema moyoni nimwambie mama sasa hivi. Nikaenda mpaka mlangoni. Mama akaniangalia akatabasamu, akaniambia nikaongeze mkaa. Nikaenda kuongeza mkaa.

Karibu na saa tisa tukasikia hodi. Nilijua ile sauti kabla sijamwona mtu. Alikuwa mfuga nyuki mwenyewe, na koti lake la kanisani, mkononi ana chupa ya asali.

"Shikamoo baba," tukasema watoto.

"Marahaba wanangu. Nimewaletea asali ya sherehe yenu." Akampa mama ile chupa, akacheka kidogo. "Na binti yangu ameacha walau kipande? Nilimwambia asile kama mtu wa njaa."

Mama aliiweka chupa chini, polepole, akageuka akanitazama. Mapacha nao wakanitazama. Nakumbuka nilikuwa nimeshika kipepeo cha mkaa na mkono ulikuwa bado unapepea wenyewe.

"Mwenzako yuko wapi?" mama akauliza.

Ningeweza kusema sijui. Lilikuwa tayari mdomoni. Lakini yule mzee alikuwa bado na mabaki ya kicheko usoni, na sikuweza kuliweka neno lile mbele ya uso ule. "Amekwenda kuchukua chizi," nikasema. "Kwa njia ya msituni. Tangu saa tano. Mimi ndiye niliyemwomba."

Yule mzee hakunigombeza. Natamani hadi leo angenigombeza. Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, akachukua panga la mama lililokuwa limeegemea ukuta, akatoka kwa hatua ndefu. Hakukimbia mpaka alipofika kwenye migomba. Mama alichukua simu akakimbilia kwenye kichuguu kilichokuwa juu ya shamba, maana ndiko kulikokuwa na mtandao, tukamsikia akipiga kelele akiwaita askari wa hifadhi, akirudia jina la njia mara tatu nne. Kisha naye akateremka akaenda, na baba wa mapacha, na wanaume wengine wawili waliosikia. Bibi akawakataza mapacha wasitoke uwanjani.

Nikabaki na bibi. Nilidhani atanishika mkono. Alikaa kwenye kigoda chake akanitazama muda mrefu. "Watu husema majuto ni mjukuu," akasema. "Na mjukuu mwenyewe ndiye huyu." Kisha akaniambia nisiache moto uzimike.

"Bibi, nyati atakuwa amemuua?"

"Pepea moto."

Nikapepea. Majivu yananiingia machoni na sikuyafuta. Kutoka msituni tulisikia sauti za watu wakiita jina la rafiki yangu, mara huku, mara kule, na baada ya kila mwito palikuwa na kimya, na katika kile kimya mimi nilikuwa najaribu kumwitikia kwa niaba yake, kimoyomoyo, abee, niko hapa. Unga ulikuwa umeumuka kwa mara ya tatu, umemwagika nje ya bakuli. Hakuna aliyeugusa. Nilimwambia Mungu sitakula tena kitu chochote chenye chizi. Nilimwambia sitakula tena kitu chochote.

Halafu bunduki ikalia.

Mlio mmoja tu. Ndege wakaruka kutoka kwenye miti, weusi mbele ya mlima. Pacha mmoja akaanza kulia kwa sauti. Bibi alisimama, na hapo ndipo nilipoona kwamba midomo yake ilikuwa inatetemeka, alikuwa anaomba kwa Kimeru tangu wakati wote ule. Tukasubiri mlio wa pili. Haukuja. Hakuna sauti iliyoita tena jina, na sikujua kama hiyo ilikuwa habari njema au mbaya.

Walitokea kwenye migomba jua likianza kuinama. Mbele askari wawili wa hifadhi, nyuma yao mfuga nyuki amembeba binti yake mgongoni kama mtoto mchanga, miguu mirefu inaning'inia. Sikio lake moja lilikuwa limevimba hadi limeziba, na shingo pia. Lakini macho yalikuwa wazi. Alikuwa anatutazama.

Ilikuwa hivi. Kwenda alikwenda salama, mpishi akampa kipande, akakifunga ndani ya khanga kiunoni. Wakati wa kurudi, karibu kabisa na mashamba, alisikia mkoromo, akainua macho akamwona nyati amesimama njiani, hatua kama kumi mbele. Hakukimbia. Alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa mti wa mringaringa, akapanda. Alipofika juu ndipo akauona mzinga. Ulikuwa wa baba yake. Chini nyati alikuja akaanza kusugua pembe kwenye shina, na kila mti ulipotikisika nyuki walitoka. Alipopiga kelele mara ya kwanza wakamshambulia. Basi akanyamaza. Alikaa zaidi ya saa tatu ameukumbatia mti, hapumui vizuri, na alisikia watu wakimwita, alimsikia baba yake akimwita kwa karibu kabisa, na hakuthubutu kuitika. Baba yake ndiye aliyeona nyuki wanazunguka nje ya mzinga bila sababu, akainua kichwa. Askari akapiga risasi hewani, nyati akaondoka akichechemea.

Baba yake alimteremsha kwenye mkeka. Akapiga goti mbele yake. "Nani alikutuma huko?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Rafiki yangu hakujua kwamba nilikuwa nimeshasema. Alinitazama mara moja tu.

"Hakuna, baba. Nilikwenda mwenyewe."

Watu wazima wote pale walijua anadanganya, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Mzee aliinamisha kichwa. Kisha rafiki yangu akafungua khanga, akatoa kipande cha chizi, kimelainika na kubonyea, kina alama za vidole vyake. Akampa mama. Mama akakipokea kwa mikono miwili na kugeukia ukuta.

"Pika, mama," mzee akasema. "Kilicholetwa kwa shida hivi hakitupwi."

Mama alipika. Unga ulikuwa umechacha kidogo, ukingo ukaungua. Askari wakala, mapacha wakala, na chizi lilivutika kama nilivyosema, wala hakuna aliyelisifia. Mzee alichovya kidole kwenye asali akampaka binti yake pale palipovimba, kisha akamimina kidogo kwenye kipande, akanipa mimi. Nilitikisa kichwa. Akaendelea kunyoosha mkono. "Kula, mwanangu," akasema. Nikala. Ilikuwa na chumvi, moshi, ukali wa hamira na utamu wa asali, na machozi yangu. Sijapata kula kitu kitamu kama kile, na nililia kwa sababu kilikuwa kitamu. Bibi naye alichukua kipande, akatafuna taratibu, akasema, "Sasa hii chapati ina kitu."

Mwaka uliofuata tulitawanyika kama tulivyojua. Rafiki yangu alikwenda shule ya bweni, mimi nikaja mjini. Tulikutana likizo, tukacheka, tukasimuliana mambo, lakini siku ile hatukuigusa. Niliigusa mimi, miaka mingi baadaye, siku tuliyomzika baba yake. Tulikuwa nyuma ya nyumba yao tunamenya ndizi za wafiwa, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu.

"Nisamehe kwa ile siku," nikamwambia.

"Saa hizi?" Akanitazama, akatabasamu na macho mekundu. Akamenya ndizi mbili. "Kule juu ya mti nilikuwa nimekukasirikia, hujui tu. Nilipanga kila neno nitakalokuambia nikishuka. Neno kwa neno. Halafu nikakukuta umesimama pale uso umejaa majivu, kama wewe ndiye uliyekaa mtini. Maneno yakaisha."

"Na ukanidanganyia."

"Nilidhani utachapwa." Akasukuma beseni kwangu. "Menya, watu wana njaa."

Kule nyumbani sasa njia ya msituni imefungwa, majani yameifunika na watoto wa siku hizi hawajui kama ilikuwepo. Ule mringaringa ulianguka masika moja, na mizinga hakuna mtu aliyeirithi. Bibi amelala kando ya migomba yake. Mama ninakaa naye hapa Lemara, vidole vimekakamaa, hawezi tena kukanda unga, akitaka pizza namnunulia na anaikosoa mpaka kipande cha mwisho. Rafiki yangu ameolewa Nduruma, analima vitunguu, tunapigiana simu mvua zikichelewa.

Ninao wengi wa kula nao. Mji huu una meza nyingi, na mimi nimekaa karibu zote, nikicheka, nikipongeza watu. Lakini aliyewahi kumtazama baba yake machoni na kunifichia kosa langu, sikio limevimba, khanga bado imefungwa kiunoni, ni yule mmoja, na alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Sijui kama sisi watu wazima bado tunaweza kumfichia rafiki hivyo. Mimi sijawahi kujaribiwa hivyo, na nakiri kwako, rafiki yangu, kwamba huwa naomba nisijaribiwe.